Chai Baridi ni ya Mgonjwa

Kwetu, mgeni akipewa chai isiyomchoma mdomo, amedharauliwa. Sijui ni nani aliyeitunga sheria hii, ila niliikuta, na sijaona aliyeivunja akabaki na heshima yake. Chai huchemshwa kwa maziwa mengi hadi ifure, ishuke, ifure tena, kisha humiminwa kwenye kikombe cha bati ikiwa bado inatokota. Mnywaji hukipeleka kinywani papo hapo na kuivuta kwa kishindo ili ipite juu ya ulimi bila kutua. Baba yetu aliwapima wanaume kwa kishindo hicho. Aliyepuliza kikombe kabla ya kunywa, Baba alimtazama kwa huruma, na mgeni akishaondoka angetuuliza kijana yule ana tatizo gani.

Kule juu mlimani tulikozaliwa, angalau baridi ilitupa sababu. Lakini ndugu yangu alipokuwa mtu mzima alishuka Mitunguu kulima ndizi za maji ya mifereji, na jua la Mitunguu halina adabu. Aliiacha baridi nyuma, chai akaibeba. Mchana kweupe, mbwa wakiwa wamejilaza kivulini ndimi nje, yeye aliketi barazani na kikombe kinachofuka, jasho likimtiririka shingoni, akinywa kwa raha zake. Ukimuuliza, alikujibu kwamba dawa ya moto ni moto.

Mimi nami ningekuwa nakunywa hivyo hadi leo, kama nisingeugua.

Niliugua saratani ya titi nikiwa bado nafundisha shule ya msingi hapa Embu. Nilikatwa, nikatiwa dawa mishipani, nikachomwa kwa miale, nikapoteza nywele na kucha pamoja na subira yangu, ambayo hata zamani haikuwa nyingi. Nikapona. Neno hilo mimi hulisema kwa sauti ya chini, kama tunavyolisema wote wa kliniki yetu, kwa maana tumejifunza kutopiga kelele karibu na kitu kilicholala.

Wakati huo ndugu yangu ndiye aliyekuwa miguu yangu. Mimi ni kifungua mimba na yeye ni kitinda mimba. Nilimbeba mgongoni nikiwa msichana wa shule, naye zamu yake ilipofika hakuikwepa. Kila nilipotundikiwa dripu alikuja kutoka Mitunguu, akaketi kando yangu na kunishikia beseni. Mwanamume wa kifua kipana kama mlango wa ghala, ameshika beseni la matapishi ya dada yake mbele za watu, wala hageuzi uso. Kwa hiyo nikisema nampenda, si kwa sababu tu tumetoka tumbo moja.

Lakini kwa ajili yake mwenyewe, hospitali hakuitaka. Aliiona kuwa mahali pa kupeleka watu wengine. Alikuwa akijisifu kwamba sindano ya mwisho alidungwa akiwa shule, tena kwa kushikwa na walimu wawili. Alibeba mikungu ya ndizi begani hadi barabarani, alikula nyama choma na kushushia kwa pombe Jumamosi, Jumapili akaimba besi kanisani, na hakuna aliyewahi kumuuliza anakula nini. Mzima haulizwi.

Sisi tuliopona ndio tunaoulizwa. Watu hudhani tumekuwa watawa. Kliniki yetu ina kikao cha waliomaliza matibabu, tunaketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema na kuambiana ukweli, na mimi nawaambia kwamba watawa hapo ni wachache. Mzee mmoja aliyetolewa uvimbe mdomoni alikuja na miraa imefungwa kwa jani la mgomba ndani ya koti, akatafuna upande uliobaki na meno. Mama mmoja muuza nguo alijaza sukari kikombeni hadi kijiko kikasimama, akisema mauti yalishamtazama usoni yakamwacha, sasa sukari itamfanya nini. Wengine wetu tulishika sheria kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Mimi nilitembea kila asubuhi kutoka mtaa wa Dallas ninakoishi hadi karibu na soko na kurudi, nikaacha mafuta ya kukaangia, nikapunguza sukari, nikala mboga hadi nikachoka kuzitazama. Ungetuchanganya na watu wa foleni yoyote ya benki, usingejua nani ni nani kwa anavyoishi. Tofauti yetu na wao ilikuwa moja tu: sisi tulijua tunachokidanganya.

Katika kikao hicho ndimo nilimosikia habari ya chai. Muuguzi wetu alisema saratani ya koo, ile ya njia ya chakula, imeota mizizi sehemu zetu hizi, na pamoja na tumbaku na pombe kali, wanashuku pia vinywaji vinavyomezwa vikiwa vinachoma. "Muache chai ipoe kidogo," alisema, "haitawakimbia." Hema lote lilinyamaza. Tulikuwa tumezungumza juu ya kifo asubuhi nzima bila kunyamaza hivyo.

Nikaanza kuiacha chai yangu ipoe.

Krismasi ya mwaka juzi tulikusanyika Mitunguu, kwa ndugu yangu. Wifi yangu aliniletea chai, nami nikaiweka pembeni nikaendelea na mazungumzo. Ndugu yangu alikuwa ameshamaliza kikombe chake cha pili. Alikichungulia changu kama anayechungulia kisima.

"Dada, hii chai yako imekufa. Tuizike?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, halafu nikamweleza maneno ya muuguzi, yote, kwa sauti ya darasani niliyoshindwa kuiacha hata baada ya kustaafu.

"Hayo ni mambo yenu," akasema. "Chai baridi ni ya mgonjwa."

"Mimi si mgonjwa. Nilipona."

"Sasa kama ulipona, si unywe kama watu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekumbusha sheria ya mchezo. Kwetu aliye mzima hajichungi, na akianza kujichunga, basi kuna kitu. Kwa sababu hiyo nyumbani nilikuwa naangaliwa mno. Nikiacha kipande cha nyama, macho yalikutana juu ya kichwa changu. Nikienda kutembea asubuhi, jirani alimuuliza wifi kama nimezidiwa. Kila uangalifu wangu ulihesabiwa kuwa dalili, na wote walikuwa wakisubiri, kwa upendo kabisa, kusikia kwamba imerudi. Ilinichosha. Ilinitia hasira pia, na hasira yangu ikahesabiwa kuwa dalili nyingine.

Jioni hiyo wifi alinivuta kando ya jiko. Alikuwa mama mpole, asiyependa kumuudhi mtu, na alizungusha maneno sana kabla ya kufika. Binti yao alikuwa amepata mchumba kutoka upande wa Embu, na ruracio, yaani siku ya wakwe kuja na mahari, ilikuwa imepangwa mwezi wa nane. Wakwe walikuwa wameuliza habari ya ugonjwa wangu. Walitaka kujua kama ni kitu cha damu.

"Siku hiyo, dada, usikasirike," alisema. "Wakileta chai, wewe kunywa tu na wengine. Ata kama ni kujifanya."

Nikamwambia sawa. Ningemwambia nini? Binti yule nilimfundisha mimi kusoma.

Nilirudi tena Pasaka, na nilipomwona ndugu yangu langoni sikuamini macho yangu. Kitambi chake, ambacho alikuwa akikipigapiga kama ngoma baada ya chakula, kilikuwa kimekwisha. Uso ulikuwa umechongoka, mashavu yameingia kidogo, na alifanana na yule kijana niliyempeleka shule ya sekondari. Mezani walipopakua nyama, alisukuma sahani akaomba ndizi zilizopondwa na mboga za kienyeji. Wifi akasema siku hizi ndivyo anavyokula. Ameacha nyama, ameacha chapati, pombe hata hataki kuinusa kwa sababu inamchoma kifua. Asubuhi anakunywa uji.

"Umeshinda, dada," ndugu yangu akaniambia. "Nimekuwa wewe."

Nilifurahi, sikufichi. Nilifurahi kuliko siku niliyoambiwa damu yangu ni safi. Kanisani siku iliyofuata mchungaji alimtolea mfano, akasema mwili ni hekalu na tumtazame ndugu huyu aliyelifagia lake. Watu wakageuka kumtazama, kisha wakanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu niugue hawakunitazama kwa pole. Wamama walikuja baada ya ibada kuniuliza ni chakula gani nilimwandikia, na mimi, mwalimu mzima, nikawaeleza.

Kitu kimoja tu hakikubadilika. Chai aliinywa vilevile, ikitokota. "Hiyo usiniguse," aliniambia, nami nikaona nisimkamue mtu aliyejitahidi kiasi hicho. Alikuwa akinywa kidogo baada ya kila tonge. Tonge, chai. Tonge, chai, na kutulia kidogo katikati kama anayesikiliza kitu kilichoko mbali. Mshipi wake ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, na mwisho wa ngozi ulining'inia mrefu pembeni. Nilimtania kwamba atafute mshipi wa mtoto.

Kwenye kikao cha kliniki nilisimulia habari hiyo kwa majivuno. Nilisema wazima wanaweza kujifunza kwetu, ushahidi huu hapa, ndugu yangu. Wenzangu wakanipigia makofi. Yule mzee wa miraa hakupiga. Alisogeza mabaki ya majani kwenye shavu lake zima, akaniuliza polepole kwa Kiswahili chake cha milimani:

"Mwalimu, huyo mtu aliacha nyama, ama ni nyama ilimwacha?"

Nilianza kuyapitia tena yote niliyoyaona Pasaka, moja baada ya jingine, na kila kilichonifurahisha kikageuka upande wake wa pili. Ndizi zilizopondwa. Uji. Pombe inayochoma kifua. Nikaona kwamba mtu anayejitunza na mtu anayeliwa, ukiwatazama kutoka upande wa pili wa meza, wanafanana.

Nilimpigia simu hata kabla ya kufika nyumbani.

"Chakula kinakwama?" nikamuuliza.

Alicheka, lakini kicheko kilichelewa kuanza. "Wewe uliumwa na nyoka, sasa ukiona ung'ongo unashtuka."

"Nakuuliza kinakwama ama hakikwami."

"Wacha ruracio iishe, dada. Tutaongea."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo hadi mwezi wa nane. Nilimpigia wifi kwa kumzunguka, naye akanihakikishia kwamba mumewe hajambo, anafanya kazi, ila labda nimwambie apunguze hiyo daieti, inatosha sasa, nguo zinamwanguka. Nilishuka Mitunguu kumchukua kwa mkono wangu, nikaambiwa ametoka kwenda Meru mjini kutafuta mbolea. Kikombe chake kilikuwa barazani, bado kinafuka. Mtu wa kwenda mjini hamimini chai akaiacha. Alikuwa ameniona nikija.

Siku ya ruracio boma lilifagiliwa hadi mchanga ukaonyesha michirizi ya ufagio. Wakwe walifika wamevaa vizuri, wazee mbele, wamama nyuma wakiimba. Mimi nilivishwa kitenge na kuketishwa na shangazi wengine, na nilijua bila kuambiwa ni macho mangapi yamenijia kuniona. Chai ikaletwa. Nilikitwaa kikombe na kunywa papo hapo kama nilivyofundishwa na Baba. Iliniunguza ulimi na kaakaa hadi machozi yakanilenga, lakini sikupuliza. Mama mmoja wa upande wa wakwe aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Niliona wifi akishusha pumzi.

Nilikuwa najifanya mzima, kumbe nami ni mzima. Aliyekuwa akijifanya kwelikweli alikuwa ameketi meza ya mbele amevaa koti.

Msemaji wa wakwe alimsifu. Alisema wameona baba wa binti ni mtu anayejipenda, hana mafuta ya uzembe, wanajua wanaingia nyumba yenye afya. Watu wakapiga makofi. Kisha nyama ikaletwa kwenye ubao, na kwetu mgeni hali kabla mwenye boma hajaonja. Ndugu yangu akakatiwa kipande cha kwanza. Alikitazama. Nilikuwa mbali lakini nilimwona akikitazama, namna unavyotazama mto uliofurika na unatakiwa kuvuka. Akakitia kinywani. Alitafuna muda mrefu sana, huku anatabasamu, akatwaa chai akavuta kishindo kikubwa, na mkono wake ukapanda hadi kifuani ukasimama hapo, juu ya tai.

"Karibuni," akasema, na watu wakaanza kula.

Shangazi aliyeketi karibu nami akaniinamia. "Mbona umeacha kula? Umechoka? Tukutafutie pa kulala?" Wengine wote pale wakanigeukia mimi. Ndiyo maana hakuna aliyemwona akiinuka.

Nilimfuata nyuma ya jiko, nikaingia kwenye migomba. Alikuwa ameinama ameshika shina kwa mkono mmoja, koti amelikunjia tumboni lisichafuke. Kilichotoka hakikuwa matapishi kama yale yangu ya zamani. Ilikuwa nyama ile ile, imetafunwa hadi imekuwa nyeupe, na mate mengi yanayovutika. Haikuwa imefika tumboni.

"Umeniona," akasema bila kugeuka.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Pasaka. Nyama ndio ilianza. Halafu chapati. Saa hii ata ugali ni lazima niisukume na chai."

"Na ukaniambia nimeshinda."

"Watu walikuwa wanasema nimepata akili kama wewe. Nikawaacha waseme. Ningewaambia nini, imekwama?"

"Twende leo."

Alinigeukia. Macho yalikuwa mekundu kwa kukaza. "Hawa watu wameuliza juu yako mara mbili, dada. Wakisikia na mimi, watasema hii boma imeoza. Huyo mtoto atabaki hapa. Rudi ukae, ukilia wataona."

Alijifuta mdomo kwa jani kavu la mgomba, akalinyoosha koti, akarudi mezani. Nilimsikia akicheka na wazee kabla sijatoka kwenye migomba. Mimi nilisimama pale, hasira imenijaa, na nilishindwa kujua ni ya nani. Ya kwake, ya wakwe, ya yule mchungaji na hekalu lake, ya chai. Kisha nikarudi nikaketi, kwa sababu binti alikuwa anaingia, amefunikwa leso, na watu walikuwa wanaimba.

Aliahidi kuja Embu juma lililofuata. Hakuja. Mara ndizi zinakatwa, mara zamu yake ya maji imefika, mara ile shida imepita kabisa, hata jana amekula mkate. Nilimwambia anadanganya. Alikata simu. Nilimtumia wifi ukweli wote, bila kuuzungusha, na nilipompigia alikuwa analia kimya kimya upande wa pili, akisema alidhani ni mimi nilimwandikia kula hivyo.

Halafu alasiri moja, binti akiwa ameshaolewa na kwenda kwake, nilisikia bodaboda ikisimama langoni hapa Dallas. Ndugu yangu alishuka, polepole, akashusha na mkungu mdogo wa ndizi mbivu. Zamani angeubeba kwa vidole viwili. Aliuweka chini, akapumzika, akauinua tena.

Sikumgombeza. Nilimkaribisha, nikaenda jikoni, nikapika chai ya nyumbani. Si ile yangu ya siku hizi. Nilitia maziwa mengi, nikaiacha ifure, ishuke, ifure tena, nikammiminia kwenye kikombe cha bati ninachomwekea, ikitokota. Changu nikakiweka pembeni kipoe kama kawaida.

Tuliongea juu ya binti. Amepokewa vizuri, mama mkwe wake anampenda. Tuliongea juu ya mvua. Kikombe chake alikizungushia mikono yote miwili, na mvuke ulimpanda usoni, mwanzo mzito, halafu mwembamba. Nilikuwa nangojea kile kishindo. Nilijikuta nakitamani. Mvuke ukaisha. Juu ya chai pakaanza kuganda utando wa maziwa, ukakunjamana kidogo, ukatulia.

Tangu Krismasi ile nilikuwa nimemwomba jambo hilo moja. Nilimwomba kwa utani na kwa ukali, nikamletea maneno ya muuguzi hadi mezani kwake. Sasa alikuwa ameiacha chai ikapoa mbele yangu, na sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kikombe kile.

"Inapoa," nikamwambia.

"Wacha ipoe."

Niliinuka. Nilikichukua kikombe mikononi mwake, nikamwaga chai kwenye sinki, nikammiminia nyingine kutoka kwenye sufuria, bado inachemka. Nyingine ikamwagikia sahani.

"Kunywa ikiwa moto," nikasema. "Kunywa kama watu. Nakuomba."

Alinitazama kwa huruma, mtu yule yule aliyenishikia beseni. Akakiinua, akavuta funda dogo, ili kunifurahisha tu. Nililiona likishuka shingoni. Nikaliona likisimama. Nilikimbia bafuni nikarudi na beseni, nami nikamshikia hadi ikaisha kutoka, chai ile ile nyeupe, na sikugeuza uso.

"Ata maji, dada," alisema alipopata sauti. "Tangu Jumapili, ata mate."

Nilichukua mfuko wangu wa hospitali, ule wa kitambaa ninaoutundika nyuma ya mlango na kila mtu wa mtaa anaujua. Nilifunga mlango. Alikuwa mwepesi mkononi mwangu, nikamshika kiwiko tukatembea hivyo hadi langoni, na ukitutazama kwa mbali ungedhani yeye ndiye anayenishika mimi.

Jirani yangu alikuwa anaanika nguo. Aliuona mfuko, akauona uso wangu, akaiacha nguo mikononi.

"Woi, Mwalimu. Pole sana," akasema kwa sauti ile niliyoizoea. "Kwani imerudi?"

Kando ya barabara wamama wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo, wakanitazama mimi. Ndugu yangu alikitoa kiwiko chake mkononi mwangu, akajinyoosha, akavuta suruali iliyokuwa ikimshuka.

"Si yeye," aliwaambia, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Yeye ni mzima. Mgonjwa ni mimi."